Waya upimwe ukinzani kabla haujafika dukani

Anayejenga nyumba huingia duka la vifaa vya umeme, huomba rola ya waya wa 2.5, hulipa na kuondoka. Uthibitisho pekee alio nao ni maandishi yaliyochapwa juu ya plastiki. Maandishi hayo hayatoshi.

Namba 2.5 hutaja ukubwa wa shaba kwa milimita za mraba, lakini kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 huupima waya kwa ukinzani wake. Mita 100 za waya wa shaba wa 2.5 hazipaswi kuzidi omu 0.741 katika nyuzijoto 20. Kiwanda kikipunja shaba, au kikiweka alumini iliyopakwa shaba juu juu, kipimo hicho hupanda papo hapo, kwa sababu ukinzani wa alumini unazidi wa shaba kwa takriban asilimia 60.

Hasara yake huonekana jikoni. Birika la wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 13. Soketi ikiwa mita 20 kutoka kwenye mita ya umeme, mkondo hupita mita 40 za shaba, kwenda na kurudi. Waya halali wa 2.5 hupoteza wati 50 hivi kama joto. Ule ulioandikwa 2.5 ilhali shaba yake ni milimita moja tu ya mraba hupoteza zaidi ya 120, na joto hilo lote limefungiwa ndani ya ukuta.

Breka ya ampea 20 haitakata, maana kwake ampea 13 ni mzigo wa kawaida. Plastiki ya PVC, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kuhimili nyuzijoto 70, itaendelea kuzeeka na kupasuka. Moto ukizuka, lawama humwangukia fundi.

Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yaagize kila rola iandikwe ukinzani wake, kisha wakaguzi waingie madukani na vipimo vya omu ndogo, kwa kuwa mita ya kawaida ya fundi haiaminiki chini ya omu moja. Hadi hapo, mnunuzi adai mizani: shaba pekee katika mita 100 za waya wa 2.5 hufikia takriban kilo 2, bila kuhesabu plastiki. Rola isiyofika hapo irudishwe kabla plasta haijapigwa.