Tuijue Dunia: Kijiji Kimoja na Kijito Chake

Wasomaji wetu, juma hili natuelekeze macho katikati ya bara la Ulaya, tukitazame kijiji kidogo sana cha wakulima kiitwacho Mödlareuth. Kipo Ujerumani, karibu na mji wa Hof, katika nchi ya vilima, mashamba na misitu iitwayo Vogtland. Wenyeji wake ni watu wapatao 40 au 50 tu. Hakina kiwanda wala jumba la mfalme. Walakini watu hutoka nchi za mbali kuja kukitazama, na sababu yake ni kijito.

Kijito hicho chaitwa Tannbach. Chapita katikati ya kijiji, nacho ni chembamba hata mtu mzima aweza kukivuka kwa hatua moja. Tangu zamani kilikuwa mpaka wa watawala wawili. Mwaka 1810, Bavaria ilipoitwaa nchi ya Bayreuth, mawe ya mpaka yalisimamishwa kandokando ya maji. Upande mmoja ulikuwa wa mfalme wa Bavaria, na upande wa pili ulikuwa wa watawala wa Reuss, ambao nchi yao iliingizwa katika jimbo la Thuringia mwaka 1920.

Je, mpaka huo uliwadhuru wenyeji? Hata kidogo. Walikuwa chini ya wakuu mbalimbali, lakini watoto wote walisoma katika shule moja, iliyokuwa upande wa Thuringia, na huko huko ndiko ilikokuwa nyumba ya kunywea bia. Kwa ibada, wote walikwenda katika kanisa la Töpen, upande wa Bavaria. Walioana, wakasaidiana, wakazikana. Mpaka ulikuwa jambo la makarani, si jambo la majirani.

Shida ilitoka mbali. Mwaka 1944, vita vikali vingali vikiendelea, wajumbe wa mataifa makubwa walikutana London kupatana namna Ujerumani itakavyogawanywa ikiisha kushindwa. Ili kuepuka maneno mengi walifuata mipaka ya majimbo ya zamani. Bavaria ikawa fungu la Wamarekani, na Thuringia ikawa fungu la Warusi. Hivyo kijito cha Tannbach, ambacho labda hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyepata kusikia jina lake, kikawa mpaka wa dola mbili kubwa. Na mwaka 1949 zilipoundwa serikali mbili za Ujerumani, kijiji kimoja kikawa katika nchi mbili. Wahenga walisema kweli kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mwaka 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki iliufunga mpaka wake wote. Ardhi iliyopakana nao ililimwa na kusawazishwa, upana wa mita 10, ili nyayo za mtu apitaye zionekane. Ndani ya mita 500 masharti yalikuwa makali mno, na ndani ya kilometa 5 hakuingia mtu asiye na kibali. Maelfu ya watu waliokaa karibu na mpaka, ambao serikali haikuwaamini, walihamishwa kwa nguvu. Katika Mödlareuth ulijengwa ua wa mbao uliopita kimo cha mtu. Mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa saruji, urefu wake kama mita 700 na kimo chake zaidi ya mita 3, wenye taa kali usiku na askari wa zamu. Wamarekani wakakiita kijiji hicho Berlin Ndogo. Mwaka 1983 George Bush, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alifika kujionea mwenyewe.

Lakini fikirini lililokuwa gumu kuliko ukuta. Mtu wa upande wa magharibi aliweza kusimama penye kilima, akawaona jamaa zake ng'ambo wakifanya kazi zao. Aliweza kupunga mkono na kuita. Wale wa mashariki walikatazwa kuitikia. Ndugu alimwona ndugu yake, umbali wa kutupa jiwe, akainamisha kichwa na kwenda zake kama asiyesikia. Kila mmoja wetu ajua uzito wa salamu isiyoitikiwa. Waliikosa miaka 37. Mwaka 1973 mtu mmoja alifaulu kuuruka ukuta kwa ngazi, lakini wengine walibaki nyuma yake.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Mödlareuth walingoja mwezi mzima zaidi. Tarehe 9 Desemba 1989 palifunguliwa njia ya miguu katika ukuta, na watu wa pande mbili wakakutana tena. Tarehe 17 Juni mwaka uliofuata, mashine iliubomoa ukuta. Kipande chake kimeachwa kisimame, pamoja na mnara wa walinzi, kiwe makumbusho ili watoto wasidhani kuwa ni hadithi.

Sasa lipo jambo ambalo wageni wengi hustaajabia. Mpaka wenyewe haukuondolewa. Hata leo nusu ya kijiji yahesabiwa katika Bavaria, chini ya Töpen, na nusu katika Thuringia, chini ya mji wa Gefell. Wana mameya wawili, nambari mbili za posta, na namba mbalimbali za magari. Hata salamu zao zatofautiana: Bavaria husema "Grüß Gott", yaani Mungu akusalimu, ng'ambo husema "Guten Tag", yaani siku njema. Mawe ya kale yangali yapo, na kijito kingali kikipita mahali pake. Walakini sasa asalimiaye huitikiwa.

Basi, msomaji, tusiuchanganye mpaka na ukuta. Mpaka waweza kukaa kati ya majirani mamia ya miaka bila kumdhuru mtu. Ukuta hujengwa na wale wanaoogopa kwamba majirani watapatana.