Mbunge si Mkandarasi

Hoja inayojirudia katika safu za magazeti, kwamba mbunge wa Tanzania apimwe kwa kilomita za lami alizoleta jimboni, inavutia lakini inapotosha. Barabara kuu hujengwa na TANROADS, za wilayani ni za TARURA. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi nyingine: kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi.

Kazi hiyo ni nzito. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022, watu 61,741,120. Karibu milioni 17 wameongezeka katika miaka kumi! Nani atahoji kama madarasa, wakunga na mabomba ya maji yamepangwa kwa idadi hiyo? Ni mbunge aliyeketi Dodoma na vitabu vya bajeti, kabla havijapitishwa Juni.

Ni kweli, mama anayevuka mto usio na daraja ana haki ya kukasirika. Ila daraja lake huanzia kwenye fungu la bajeti.

Basi wapiga kura wamdai mbunge taarifa ya kila mwezi: alihudhuria kamati ipi, alihoji fungu lipi, waziri alimjibu nini.