HUNA 3,600? ATI CHUKUA MKOPO!



Hebu tupige hesabu. Aliyeajiriwa kwa mshahara wa 20,000 hukatwa asilimia 2.75 ya SHA. Hiyo ni 550, mwezi kwa mwezi, juu kwa juu. Sasa muangalie mama wa mahamri pale Kongowea, au kijana wa bodaboda Eastleigh. Yeye anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, mfumo unakadiria uwezo wake, kisha anaambiwa: yako haiwezi kupungua 300 kwa mwezi. Sawa. Lakini mwezi kwa mwezi hatutaki, leta ya mwaka mzima! Kiwango cha chini kabisa, 3,600 kwa mpigo.

Mwenye uhakika wa mshahara analipa kidogo kidogo. Asiyejua jioni atarudi na ngapi anadaiwa mwaka mzima. Haki iko wapi hapo?

Tusiwe wanafiki. Wakati wa NHIF asiyeajiriwa alilipa 500 kwa mwezi, na NHIF ilikuwa na kashfa zake. Hatuililii. 300 ni nafuu, tena sana. Lakini nafuu usiyoweza kuifikia ina faida gani kwako?

Wengine wanasema serikali itoke kabisa, kampuni za bima zishindane, bei itashuka yenyewe. Msidanganyike. Wauza unga wakishindana unanufaika, maana kila mwenye njaa ni mteja wao. Bima sio unga. Kampuni inapata faida kwa kutafuta walio wazima na kuwakwepa wagonjwa. Babu mwenye sukari, au mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kila wiki, nani atashindania kumpata? Mfuko wa wote ndio unaofanya mzima ambebe mgonjwa, na kesho abebwe yeye.

Kwa hivyo serikali ibaki. Lakini ibaki kama mwenye kuwekewa amana, na amana ina hesabu. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, ilisema mtambo wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali, na haukupatikana kwa zabuni ya ushindani. Umeona? Penye zabuni, ambapo ushindani ungeokoa pesa zetu, haukuwepo. Halafu mama wa mahamri ndiye anayeambiwa ajikaze.

Na dawa waliyoleta ni gani? Lipa SHA Pole Pole. Jina tamu, lakini maana yake ni kukopeshwa ile ada ya mwaka, kisha ulipe deni taratibu. Wewe Muislamu, kabla hujakubali, uliza: mkopo huu una riba? Na hata kama hauna, kwa nini maskini aingie deni ili alipie miezi ambayo haijafika, na jirani yake aliyeajiriwa halipi hata siku moja mbele?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa. Hakikusema kila mwenye akiba.

Basi tusilalamike tu kwenye simu. Kwanza, jisajili wewe na wazee wako, *147#. Usajili ni bure, na aliyesajiliwa ana haki ya kutibiwa zahanati na vituo vya afya vya Levo 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA bila kulipa ada. Pili, mbunge wako akija msikitini, arusini au mazishini, mkabili kwa adabu na swali moja: lini utabadilisha sheria asiyeajiriwa alipe kwa mwezi kama mwenziwe?

Akikwepa, muulize tena Ijumaa inayofuata.

Sambaza kwa mtu wa bodaboda unayemjua.