Njiani Pia Sheria Itawale

Tunapozungumza juu ya haki za mshtakiwa, fikira zetu huishia mahali pawili: ndani ya seli na mbele ya hakimu. Twauliza alilalaje, alilishwa nini, alipata wakili au hakupata. Ni wachache mno wanaouliza alifikaje. Nami nasema kwamba barabara iliyo baina ya gereza na mahakama ni sehemu ya gereza, na ni sehemu ya mahakama vilevile. Aliyetiwa pingu akapakiwa garini yumo mikononi mwa dola sawasawa na yule aliye nyuma ya kuta.

Hapa kwetu Gusii jambo hili si la vitabuni tu. Nyamira ilikuwa sehemu ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo ni kaunti mbili, lakini gereza la Kisii limepokea kwa miaka mingi mahabusu wanaotoka katika mahakama za Nyamira, Keroka na Ogembo. Kila kesi inapotajwa, kuna safari ya asubuhi na safari ya jioni. Ikiahirishwa, kuna safari nyingine tena. Na barabara zetu twazijua: milima, kona kali, mvua isiyosubiri msimu, bodaboda zinazochomoka vichochoroni na malori yaliyosheheni majani ya chai.

Labda mtu atasema kwamba sote twasafiri katika barabara hizo hizo. Ni kweli, lakini hatusafiri kwa hali moja. Abiria wa matatu akiona gari limejaa kupita kiasi, ana hiari ya kungoja jingine. Dereva akienda mbio, abiria humkemea, au huteremka Keroka akashika njia nyingine. Mahabusu hana hiari hiyo. Hakuchagua gari, dereva wala saa, na gari likipinduka hana hata mikono ya kujishikilia. Anayemnyang'anya mwenzake uwezo wa kujiokoa amejitwika wajibu wa kumlinda. Tena tusisahau kwamba Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 chamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vingine, na Kifungu cha 51 chasema aliyezuiliwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizopatana na kuzuiliwa kwake. Haki ya kufika akiwa hai haimo miongoni mwa hizo zinazopotea.

Ulimwengu nao umekwisha kulisema hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zimeipa safari kanuni yake, ya 73. Zakataza kumsafirisha mfungwa katika chombo kisicho na hewa au mwanga wa kutosha, au kwa namna ya kumtesa bila sababu. Zaagiza pia alindwe dhidi ya matusi na macho ya watu.

Kanuni hizo hazikutungwa bure. Januari 2008, huko Australia Magharibi, mzee mmoja wa jamii ya wenyeji alikufa kwa joto nyuma ya gari la mahabusu lililokuwa likisafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Laverton hadi Kalgoorlie. Kipoza hewa kilikuwa kimeharibika. Agosti 2013, nchini Misri, mahabusu 37 walikufa ndani ya gari nje ya gereza la Abu Zaabal baada ya gesi ya kutoa machozi kurushwa ndani yake. Na hapa Kenya, Agosti 2021, ndugu wawili waliokuwa wanafunzi walikamatwa Kianjokoma, Embu, kwa madai ya kukiuka kafyu ya Korona, wakafa wakiwa mikononi mwa polisi. Polisi walidai kwamba waliruka kutoka katika gari lililokuwa mwendoni. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Kuamua hatia yao ni kazi ya mahakama, wala si yangu. Ninachosema ni kwamba katika mikasa yote mitatu hakuna gari lililogongana na jingine. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba ajali haina kinga.

Wapo watakaouliza: je, na usalama wa askari? Swali hilo ni la haki. Mei 2024, nchini Ufaransa, majambazi walivamia gari la magereza huko Incarville, wakawaua maafisa wawili na kumtorosha mfungwa. Lakini gari zima, lenye dereva aliyepumzika na askari wa kutosha, huwalinda wote waliomo. Gari bovu lililojazwa kama gunia la viazi humhatarisha askari na mahabusu kwa pamoja.

Tufanyeje basi? Mwalimu anayewapeleka wanafunzi mashindanoni huandika majina, huhesabu vichwa wanapopanda na wanaposhuka, na huwajibika kwa kila mmoja. Nataka kila gari la mahabusu liwe na orodha kama hiyo: majina, saa ya kuondoka, saa ya kufika, hali ya afya ya kila mtu, na sahihi ya afisa anayekabidhi na anayepokea. Gari likaguliwe, liwe na viti na hewa, na mlango uweze kufunguliwa upesi penye hatari. Mtu asifungwe pingu kwenye chuma cha gari. Wanawake watengwe na wanaume, na watoto na watu wazima, kama Kifungu cha 53 kinavyotaka kwa watoto. Halmashauri huru ya kuchunguza utendakazi wa polisi, IPOA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, lakini mamlaka yake ni juu ya polisi. Askari jela nao wanahitaji jicho kama hilo.

Pamoja na hayo, safari zenyewe zipunguzwe. Mwaka 2020, wakati wa Korona, mahakama zetu zilisikiza kesi kwa njia ya video huku mahabusu wakiwa gerezani. Kutajwa tu kwa kesi hakuhitaji lori. Tena Kifungu cha 49 chasema wazi kwamba asizuiliwe rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kila anayestahili dhamana akaipata ni mtu mmoja aliyepungua garini.

Walimu wenzangu, tunapofundisha Katiba tusiishie kwenye mlango wa mahakama. Nanyi wanafunzi, mtakapokuwa mahakimu, mawakili na maafisa wa magereza, mahabusu atakaposimama kizimbani, kabla ya kumuuliza lolote juu ya shtaka lake, mtake kuiona orodha ya gari lililomleta.