Ukiambiwa Maksi Zako Zina Shida

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Unaingia WhatsApp saa nne usiku, siku chache kabla matokeo hayajatoka: "Maksi zako zina shida. Njoo tuongee." Hausemi somo gani wala shida gani. Binti aliyeniletea simu yake niusome alikuwa mwaka wa pili, na alikuwa ameshausoma mara nyingi hata akawa anautamka bila kuutazama. Alikuwa amejibu kwa adabu, "Shikamoo Dokta, naweza kuja ofisini kesho asubuhi?" Jibu lilirudi papo hapo: ofisini kuna watu wengi, tutafute mahali palipotulia.

Nimefundisha chuoni miaka mingi na kusahihisha vitabu vya majibu nisivyoweza kuvihesabu. Mhadhiri akiona kasoro ya kweli kwenye maksi zako, kasoro hiyo ina karatasi. Ina somo, ina namba ya swali, na inazungumzwa mchana, mlango wazi, hata mbele ya mkuu wa idara. Ukiona shida inatajwa usiku kwenye simu na utatuzi wake unatafutiwa gesti, jua kinachobisha hodi ni rushwa ya ngono. Usiifungulie.

Naandika leo kwa sababu msimu wake umefika. Mitihani ya muhula inamalizika, vitabu vya majibu vimerundikana mezani kwa wasahihishaji, na kuanzia sasa hadi matokeo yatoke kuna wiki kadhaa ambazo mwanafunzi hajui lolote juu yake mwenyewe. Humo ndimo mtego unamotegwa.

Unategwa hivi. Vyuo vyetu vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula, ile tunayoiita kozi weki, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Mhadhiri mwadilifu hutundika alama za kozi weki mapema, kila mtu akaona yake na mwenye malalamiko akalalamika. Asiyezitundika amejipa rungu. Anaweza kukuambia una 12 wakati una 27, nawe huna pa kuthibitishia. Mwingine ni msimamizi wa utafiti: anakalia sura yako ya tatu miezi miwili, wenzako wanakusanya kazi, wewe kila ukiuliza unaambiwa uje jioni. Hapo mwanafunzi anaanza kupiga hesabu za hofu. Sapu, yaani mtihani wa marudio. Keri, yaani kubeba somo hadi mwaka unaofuata. Kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Akidisko, mkopo wa Bodi ya Mikopo unakatika, na kijijini kuna mama aliyeuza ng'ombe ili yeye afike chuo. Anayemtishia anazijua hesabu hizo kuliko yeye.

Wapo wanaosema mwanafunzi anayesoma hawezi kuonewa, kwamba wanaolalamika ni wavivu wanaotafuta njia ya mkato. Kauli hiyo inaniumiza, kwa sababu nimeona kwamba si kweli. Yule binti wa mwaka wa pili alikata rufaa, kitabu chake kikafunguliwa na msahihishaji mwingine. Alikuwa na B+. Maksi zake hazikuwahi kuwa na shida yoyote.

Wala jambo hili si siri. Novemba 2018, siku Rais Magufuli alipofika Mlimani kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa hapo hapo, Dk. Vicensia Shule, aliandika waziwazi Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Yaliyofuata ni yeye kuitwa kuhojiwa. Oktoba 2019 BBC ikaonyesha kwa kamera za siri wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana wakiwa kazini na mtego huo huo. Mwandishi mmoja wa kike alijifanya binti wa miaka 17 anayetafuta nafasi ya kusoma Lagos, na mhadhiri aliyemkaribisha ofisini alikuwa pia mchungaji. Chuo kilimfukuza kazi mwaka 2021. Mchungaji, ustadhi, baba mwenye binti wa umri wako: hakuna kati ya hivyo kinachokulinda. Tazama anachokuomba.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamshika mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki, ajira, cheo au upendeleo wowote. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Adhabu hiyo ni ndogo mno kwa ubaya wenyewe, na nitaendelea kusema hivyo mpaka ibadilishwe. Lakini lisome neno "anayedai" kwa makini. Kosa linatimia anapodai. Huhitaji kufika gesti ili uwe na kesi. Ujumbe ulio mkononi mwako ni mwanzo wa kesi.

Kwa hiyo usiufute. Najua mkono unavyowasha kufuta, maana aibu inakuingia kana kwamba wewe ndiye uliyeandika. Piga picha ya skrini, namba ya simu na saa vionekane, kisha mtumie mtu mmoja unayemwamini ili visipotee hata simu ikiibwa. Akikupigia, mara baada ya kukata andika kwenye daftari tarehe, saa na maneno yake kama alivyoyasema. Usimtukane, wala usimwambie kwamba utamshtaki. Usikubali miadi, hata kwa nia ya kumnasa mwenyewe. Kutega ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, nao wanaijua. Wapelekee ulichonacho mapema, kabla ya siku uliyoitwa, wao ndio watakaoamua la kufanya. Ukihofia jina lako kuzagaa, iko Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Waambie tangu mwanzo kwamba unataka kulindwa.

Na kama madhara yameshatokea, kama umeingiliwa kwa nguvu au kwa vitisho, awe mhadhiri, mwanafunzi mwenzako, mlinzi wa bweni au mwenye nyumba uliyopanga, basi saa zinahesabika. Usioge. Nguo ulizovaa usizifue, ziweke kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, maana mfuko wa plastiki huzitia unyevu na kuharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inakuongezea usalama. Dawa ya kuzuia mimba nayo haingoji. Fomu ya polisi, PF3, utaipata kituoni. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kwenye baadhi ya hospitali kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako chini ya paa moja, usihangaike kusimulia maumivu yako mlango hadi mlango. Hali yako ikiwa mbaya, anza na hospitali, karatasi zitafuata.

Neno kwa viongozi wa madarasa, CR wetu. Unapoambiwa, "Mwambie yule dada mrefu anione jioni," umegeuzwa kuwadi, hata kama hukulipwa chochote. Jibu lako liwe moja: "Dokta, nitatangaza darasani kwamba wenye shida ya maksi waje ofisini saa nne asubuhi." Mwenye shida ya kweli ya maksi atakushukuru. Na binti akikunong'oneza jambo, usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la darasa likawa kichekesho. Wavulana pia huombwa, na wao hunyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa.

Kwa wakuu wa vyuo sina maneno mengi. Mwaka 2021 serikali ilizindua mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia vyuoni, na nimeona dawati ambalo ni chumba kilichofungwa kwa kufuli, chenye bango jipya mlangoni. Lifungueni, mweke mtu anayejua kusikiliza, asiwe chini ya idara ya mtuhumiwa. Kozi weki zitundikwe kabla ya mtihani. Vitabu vya majibu visahihishwe kwa namba pasipo jina, na kitabu cha kila anayefelishwa kisomwe na msahihishaji wa pili. Mhadhiri anayelalamikiwa asimguse tena kwa kalamu mwanafunzi aliyemlalamikia hadi shauri liishe. Kumhamishia tawi jingine kimyakimya ni kuwapelekea mabinti wa huko janga lile lile.

Wazazi, mtoto akipiga simu usiku na kusema anataka kuacha chuo, msimwambie avumilie amalize. Mwulizeni taratibu kuna nini, na mwambieni mapema kwamba keri moja haimfukuzi nyumbani. Binti asiyeogopa nyumbani ana nguvu ya kukataa.

Nawe mwanafunzi unayesoma hapa huku ujumbe ule uko kwenye simu yako bila kujibiwa: usiende. Mwamshe mwenzako wa chumbani sasa hivi, mwonyeshe. Asubuhi piga 113, TAKUKURU. Simu hiyo ni bure, haihitaji hata vocha.