Njia za Milima ya Usambara: Hiari yashinda utumwa

Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu hali ya njia za miguu katika Milima ya Usambara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Lushoto, na ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Wageni wengi wanaokuja Lushoto hawaji kutazama simba wala tembo. Wanakuja kutembea kwa miguu. Wapo wanaokwenda Irente kwa saa chache tu, na wapo wanaotembea siku kadhaa kupitia Lukozi na Rangwi hadi Mtae, ambako mtu husimama ukingoni mwa mlima na kuiona nyika yote chini yake. Vijana wetu wanaowaongoza hupata riziki, na akina mama huuza chakula na kulaza wageni.

Lakini njia hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya wageni. Ni njia zetu sisi. Ndizo anazopita mama mjamzito kwenda zahanati, mkulima aliyejitwika kabichi kwenda gulioni, na mtoto wa darasa la kwanza kuja shuleni. Kwa hiyo njia ikiharibika, mgeni atabadili safari yake, bali sisi hatuna pa kuhamia.

Na zinaharibika. Kila masika yakipita, njia inayoshuka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji, na mfereji ukiachwa hugeuka korongo. Watu wakiona korongo hukanyaga pembeni, na mvua inayofuata inakula huko pembeni pia. Udongo huo unashukia kwenye mashamba ya mboga bondeni na kwenye vijito. Maji ya Mto Umba, kwa mfano, yanaanzia milima hii na kwenda kumwagika Bahari ya Hindi karibu na mpaka wetu na Kenya. Basi jambo hili si la watu wa mlimani peke yao.

Miaka miwili iliyopita mtoto mmoja wa darasa la tatu shuleni kwetu aliteleza kwenye korongo la namna hiyo asubuhi ya mvua akavunjika mkono. Wazazi walikasirika, na katika mkutano wa kijiji tuliamua kufanya msaragambo. Jumamosi mbili watu walitoka kwa wingi na majembe, sururu na mapanga. Tulichimba ngazi na kuzishikilia kwa miti michanga tuliyoikata pale pale kandokando, ndani ya msitu wa hifadhi. Hatukumwomba ruhusa mtu yeyote. Kazi ilipokwisha tulijisifu sana.

Masika yaliyofuata ngazi zote zilisombwa. Bwana misitu mmoja aliyekuja kutazama alituambia mambo mawili, nayo yote mawili yalikuwa ya kweli. Kwanza, tulikuwa tumevunja sheria kwa kukata miti. Pili, tulikuwa tumeyatengenezea maji barabara badala ya watu. Alituonyesha kwamba njia ya mlimani haina budi kuzunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo, ilale kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke, na kila baada ya hatua kadhaa iwekewe mstari wa mawe wa kuyakinga maji na kuyatoa nje kabla hayajapata nguvu. Korongo la zamani lizibwe kwa mawe na kupandwa majani ya guatemala, ambayo wakulima wa Lushoto wanayajua vizuri kwa kuzuia udongo. Nilisomea ualimu na ninafundisha sayansi, lakini nakiri kwamba siku ile nilikuwa mwanafunzi.

Tukaamua kurudia kazi hiyo kwa utaratibu. Kijiji kiliandika barua kwenye ofisi moja inayohusika, kikiomba ruhusa, vifaa na mtaalamu wa kutuelekeza. Miezi saba imepita na hatujajibiwa. Wakati huo huo wananchi wameanza kuuliza: kwa nini tutengeneze bure njia ambayo mgeni analipia ada ya kuingia msituni, na kijiji hakijui ada hiyo inakwenda wapi?

Katika mkutano wa mwisho mzee mmoja aliyepita umri wa miaka themanini alisimama akauliza swali moja tu: "Mwalimu, tumeombwa au tumeamriwa? Maana matuta tulishayaona."

Vijana walicheka, lakini wazee hawakucheka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba yao ya milimani, na aliyekataa alishtakiwa na kutozwa faini. Katika miaka ya 1950 wananchi walipinga kwa nguvu, TANU ikapata wanachama wengi kwa sababu ya matuta hayo, na mpango wenyewe ukaachwa kabla ya Uhuru. Sasa, Mhariri, kosa halikuwa kuhifadhi udongo. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Kosa lilikuwa kumgeuza mwenye shamba kuwa kibarua asiyelipwa na asiyeulizwa. Dawa nzuri ikinyweshwa kwa nguvu hutapikwa.

Ndiyo maana nasema kujitolea kuna masharti yake. Anayejitolea sharti aombwe, aelekezwe, na aone matunda ya jasho lake. Pakiwa na hayo, watu hufanya makubwa. Huko Marekani iko njia ya miguu ya milimani iitwayo Appalachian, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 3,500, iliyokamilika mwaka 1937. Ardhi kubwa inayopitiwa na njia hiyo iko chini ya serikali, lakini wanaoitunza hasa ni vyama vya wananchi wanaojitolea, kila chama kimekabidhiwa kipande chake. Wala tusidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Oktoba 2020 moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu, wakiwemo wanavijiji na wanafunzi, walipanda kusaidiana na askari wa hifadhi kuuzima. Hakuna aliyewachapa viboko.

Sheria pia ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu wanavijiji na mwenye msitu kufanya makubaliano ya kuusimamia kwa pamoja. Kama tunaweza kukubaliana juu ya doria na kuni, kwa nini tusikubaliane juu ya njia?

Kwa hiyo natoa wito kwa wahusika wote. Wakala wa Huduma za Misitu, halmashauri na serikali za vijiji, kila mmoja kwa msitu wake, wakae na wananchi na kuandikiana: kijiji kitatunza kipande kipi, nani atatoa sururu na mitaro, mtaalamu atakuja lini, na sehemu gani ya ada za wageni itarudi kijijini. Makubaliano hayo yabandikwe ofisi ya kijiji ili kila mtu ayasome. Na barua ya wananchi ijibiwe, hata kama jibu ni hapana.

Kwa waongozaji wa wageni nasema, nao washike jembe, kwani mguu wa mgeni nao unakula njia. Na kwetu sisi walimu nasema, tuwafundishe watoto kazi hii kama somo, wapande majani na kupima mteremko, lakini tusiwafanye vibarua wakati wa masomo. Elimu ya Kujitegemea haikuwa na maana hiyo.

Mwisho, napenda kumjibu yule mzee mbele ya wasomaji wote. Mzee wangu, safari ile ya kwanza hatukuombwa wala hatukuamriwa, tulijiendea wenyewe tukaharibu. Safari hii tunasubiri kuombwa. Majembe tunayo, na vuli haiko mbali. Hiari yashinda utumwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lushoto, Tanga.