Andika Jina Nyuma ya Picha



Pengine utajiuliza kwa nini mchungaji wa Kibati anakuandikia habari za madaraja. Huku kwetu, chini ya Nyiragongo, hatuna mto wa kuvuka. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano yanameza maji yote, na mama zetu wanayatafuta mbali na bidoni mgongoni. Kilalo cha nini mahali pasipo mto?

Habari hii ilianza na picha moja. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka, na moto wake ukaikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Kila mtu alikimbia na kile mkono wake ulichokamata. Mama mmoja wa ushirika wetu alikamata mfuko wa karatasi za nyumba. Ndani yake mlikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Miezi mingi kiisha, aliniletea ile picha nyumbani.

Ndani ya picha wanaume 11 wamesimama kando ya mto. Nyuma yao kuna daraja la chuma lisilomalizika. Chuma kimefika katikati ya maji, na mbele yake zimebaki nguzo tupu. Baba ya huyu mama alikwenda kazi ya daraja wakati yeye alikuwa angali kifuani kwa mama yake, naye hakurudi tena.

"Pasta," aliniambia, "papa yangu iko mu hii picha. Mama alikuwa ananionyesha na kidole. Lakini nilikuwa mutoto, nikasahabu ni yupi."

Mama yake alikwisha kufa. Tuligeuza picha. Nyuma ni peupe. Hapana jina, hapana mwaka, hata mto ni mto gani hatukujua. Tulitazama nyuso zile moja moja, tukilinganisha pua na masikio. Kiisha alilia, na mimi sikuwa na neno la kumwambia.

Tangu siku ile nimesoma sana juu ya watu waliopiga picha madaraja yakijengwa. Nataka nikuambie habari ya daraja moja la Afrika Mashariki, kwa maana inatuhusu sana sisi watu wa migodi.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Mwezi wa Machi 1898 enjinia mmoja, John Henry Patterson, alifika kwenye mto Tsavo, katika Kenya ya leo. Kazi yake ilikuwa kuweka daraja la kudumu: nguzo za mawe ndani ya maji, na juu yake boriti za chuma za kubeba treni. Alikuwa na kamera pia.

Pengine umekwisha kusikia yaliyotokea. Simba wawili walianza kuingia kambini usiku na kuwatoa watu ndani ya hema. Watu waliogopa mpaka kazi ikasimama karibu majuma matatu, na wengi walipanda treni wakakimbia. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 ya mwezi ule ule. Mwezi wa Februari 1899 daraja lilikwisha. Mwaka 1907 alitoa kitabu, na ndani yake aliweka picha zake: kazi ya mto, daraja lililokamilika, na simba waliokufa.

Sasa sikiliza vizuri. Simba wale wawili wangali wanaonekana leo. Patterson aliuza ngozi zao mwaka 1924 kwa Field Museum, nyumba ya maonyesho kule Chicago, Marekani. Zilitengenezwa upya, na mpaka leo watu wanakwenda kuwatazama. Lakini watu walioliwa walikuwa wangapi? Patterson aliandika katika kitabu chake kwamba Wahindi walikuwa 28. Waafrika walioliwa, asema, hawakuandikwa po pote na serikali. Baadaye alitaja hesabu ya watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na manyoya ya simba wale, wakaona kwamba waliliwa watu karibu 35.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Kwa kujua hesabu ya watu waliokufa, wataalamu walipaswa kuuliza manyoya ya simba! Kamera ilikuwapo, kalamu ilikuwapo, karatasi ilikuwapo. Chuma cha daraja kilihesabiwa boriti kwa boriti, lakini mtu mweusi aliyebeba jiwe hakuhesabiwa.

Usifikiri kwamba enjinia anayepiga picha ana roho mbaya. Anafanya hivyo kwa sababu nzuri. Anataka kuonyesha wakubwa wake kazi imefika wapi, na kitu kikiharibika apate kujua kilianzia wapi. Lakini jicho lake liko juu ya chuma. Mtu akionekana, mara nyingi ni kama kipimo tu, ili ujue boriti ni kubwa namna gani.

Hata Ulaya ilikuwa hivyo. Kule Scotland, kati ya mwaka 1882 na 1890, walijenga daraja kubwa la reli juu ya maji ya Forth. Urefu wake ni karibu kilometa mbili na nusu, na chuma chake zaidi ya tani 50,000. Enjinia mmoja, Evelyn Carey, alipiga picha nyingi sana tangu mwanzo mpaka mwisho. Picha zile ni nzuri kabisa. Lakini kwa miaka mingi watu walisema kwamba waliokufa kazini walikuwa 57. Ni zaidi ya miaka mia moja kiisha ndipo wenyeji wa pale walikaa chini, wakapekua karatasi za zamani, wakapata majina ya watu 73. Hawakuwa wataalamu wakubwa. Walipenda tu kujua ni nani waliojenga kwao.

Mimi hapo nakumbuka Nehemia sura ya 3. Wengi wetu tunairuka tukisoma, juu ni majina tu, majina, majina. Fulani alijenga hapa, na karibu naye fulani. Mfua dhahabu yumo. Mtengeneza manukato yumo. Shalumu yumo pamoja na binti zake. Wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinama kazini wamo pia, na aibu yao imeandikwa! Nehemia angeweza kuandika neno moja tu, kwamba ukuta ulijengwa. Aliona haifai.

Sasa turudi kwetu. Wewe kijana unayesoma gazeti hili, pengine kaka yako anaingia shimoni kila asubuhi. Udongo ukiporomoka, unajua vile inakuwa. Watu wanakimbia na majembe, wanauliza: "Walikuwa wangapi ndani?" Mmoja anasema 12, mwingine anasema 30. Wengine wametoka vijiji vya mbali, wanajulikana kwa jina la utani tu. Mama yake kule kijijini atangoja miaka, akifikiri mtoto amemsahau. Picha za shimo ziko nyingi siku hizi, kila mtu ana telefone. Majina ndiyo hayapo.

Basi mwezi huu nawapa kazi, ninyi vijana wa kanisa.

Kwanza, toeni picha zote za nyumbani. Kaeni na wazee, muulize: huyu ni nani, wapi, mwaka gani? Andikeni nyuma kwa krayo, polepole, pembeni. Msiandike kwa biki, wino wake unaweza kupenya na kuharibu uso wa mtu.

Pili, picha ya telefone haina mgongo wa kuandikia. Basi mtumie ndugu aliye mji mwingine, na chini yake uandike majina yote, kutoka kushoto kwenda kuume. Moto ukija kwako, yeye anabaki nayo.

Tatu, kazi ikianza kwenu, ya shule, ya kanisa au ya kilalo, simama mahali pale pale kila mwezi upige picha. Utaona namna inavyopanda. Kiisha sogea karibu, upige na watu, uwaulize majina. Lakini omba ruhusa kwanza. Nilipokuwa kijana nilipiga picha ya daraja bila kuuliza mtu. Filme yangu yote ilivutwa nje ya kamera na kuwekwa kwenye jua, na picha za arusi ya dada yangu zikaharibika pamoja nayo.

Nne, kundi linaloingia shimoni liwe na daftari juu, kwa mtu mwaminifu. Jina, kijiji, na jina la mama. Anayetoka akatiwe alama. Hilo halihitaji franga nyingi.

Na msikawie. Nchi yetu ina daraja kubwa la chuma kule Matadi, juu ya mto Kongo, mita 722. Wajapani walilijenga pamoja na watu wetu kati ya mwaka 1979 na 1983. Kijana aliyefunga chuma pale akiwa na miaka 20 leo ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Wazee wa namna hii wako hata katika migodi yetu, wanakaa benchi la nyuma kanisani. Bado wanakumbuka majina ya wenzao. Miaka kumi ikipita, utamwuliza nani?

Yule mama alirudi kwangu juma lililofuata na krayo ya mtoto wake. Tuliandika pamoja nyuma ya ile picha. Aliweka jina la baba yake, jina la mama yake, na jina la kijiji. Chini yake aliongeza neno moja la kwake mwenyewe: "Papa ni mumoja wa hawa kumi na mumoja."

Ni kidogo. Lakini wajukuu wake hawatakuta peupe.

Bwana awalinde mpaka mwezi ujao.